Amana ya Mgonjwa Aliyerudi Nyumbani

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo akamtia roho, akamjaalia pumzi inayoingia na kutoka usiku na mchana, akiwa macho na akiwa usingizini. Tunamshukuru kwa neema tunazozijua na kwa zile tusizozijua, na pumzi ni katika neema ambazo wengi wetu hatuzihesabu mpaka zitupungukie. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, nasi tunajiusia wenyewe kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, na kutekeleza amana alizotukabidhi kabla hatujaulizwa juu yake.

Ndugu Waislamu, nyinyi mlio pamoja nasi hapa msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya siku moja ambayo nyumba nyingi huifurahia na chache hujitayarisha nayo. Hiyo ni siku anaporuhusiwa kutoka hospitali mtu mwenye maradhi sugu ya mapafu. Gari husimama mlangoni, watoto hutoka mbio, majirani huja na pole zao, humwambia amshukuru Mungu kwa kuwa amepona. Uji hupikwa, dua husomwa. Jioni wageni huondoka, na mgonjwa hubaki na mfuko wa dawa, na karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa, na kifua kile kile alichokwenda nacho. Basi neno letu la leo ni hili: mgonjwa huyo hajapona. Amana iliyokuwa mikononi mwa madaktari na wauguzi imehamia mikononi mwetu, nasi tutaulizwa jinsi tulivyoipokea.

Maradhi tunayoyakusudia ni yale yanayokaa kifuani miaka mingi. Njia za hewa huwa nyembamba na zenye makohozi, na vifuko vidogo vya mapafu huharibika, hata mtu akawa anavuta pumzi bila ya kutosheka nayo. Hutweta akipanda ngazi, baadaye hutweta akivaa kanzu, na mwisho hutweta akiwa ameketi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2021 maradhi haya ya kuziba kwa njia za hewa yaliwaua watu milioni 3.5 ulimwenguni, yakawa ya nne katika mambo yanayoua watu wengi zaidi. Na miongoni mwa wanaokufa kwa maradhi hayo kabla ya kufika umri wa miaka 70, karibu 90 katika kila 100 ni watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati, kama hizi zetu za Afrika Mashariki.

Sababu zake mnazijua, kwa kuwa twaishi nazo. Ya kwanza ni tumbaku. Ya pili ni moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha, ambao mama zetu wameuvuta tangu walipokuwa wasichana wadogo wakichochea moto wa bibi zao. Shirika hilo hilo limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Ya tatu ni vumbi la kazi, kama vile vumbi la machimbo ya mawe na la viwanda vya nyuzi. Na ya nne ni kifua kikuu, ambacho mtu hukitibu akapona, vijidudu vikaisha, lakini mapafu yakabaki na makovu. Huyu wa mwisho hudhulumiwa mara mbili, kwani watu wakimsikia akikohoa humtenga vikombe na kumkimbilia mbali, ilhali amekwisha maliza dawa zake na hamwambukizi mtu. Na yule wa tumbaku au wa moshi haambukizi kabisa. Kukohoa kwake si sababu ya kumtilia chakula mlangoni.

Ndugu zetu, kwa nini tunasema kwamba siku ya kurudi nyumbani yataka matayarisho? Ni kwa sababu wiki zinazofuata siku hiyo ni wiki za hatari. Huko Marekani, nchi yenye hospitali nyingi na dawa nyingi, imehesabiwa kwamba takriban mgonjwa mmoja katika kila watano waliolazwa kwa maradhi haya hurudishwa hospitali kabla siku 30 hazijatimia. Ikiwa hali ni hiyo kwa wenye uwezo, tujiulize sisi, ambao baina ya mgonjwa wetu na hospitali huenda pana safari ya jahazi, au nauli ya matwana isiyopatikana kila siku. Na anayerudi hospitali mara ya pili na ya tatu, kila mara hurudi nyumbani akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa. Mengi katika hayo yanazuilika, na kinachoyazuia ni uuguzi wa nyumbani.

Labda atasema msemaji: uuguzi ni kazi ya wanawake, nasi wanaume tuna kazi zetu za nje na jihadi zetu. Na akumbuke msemaji huyo habari ya Sayyidna Uthman bin Affan, Mungu amridhie. Mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badri, vita ambavyo waliohudhuria wamepewa daraja isiyopewa wengine, mkewe, Bibi Ruqayya, binti wa Bwana Mtume, alikuwa mgonjwa taabani. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Uthman abaki Madina amuuguze. Uthman akabaki, na Bibi Ruqayya akafariki dunia katika maradhi hayo. Ngawira zilipogawanywa, Bwana Mtume alimpa Uthman fungu lake, na akamhesabia thawabu kama mtu aliyekuwako uwanjani. Zingatieni, ndugu zangu. Hakupigana, wala hakushika upanga, wala mgonjwa wake hakupona. Aliketi na mgonjwa, na kuketi huko kukahesabiwa kuwa ni Badri. Baada ya habari hii, ni mwanamume gani atakayeona haya kushika kikombe cha dawa mkononi mwake?

Na imepokewa kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mja wake kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atastaajabu, aseme vipi amzuru Mola wa viumbe vyote? Ndipo atakapoambiwa kwamba fulani alikuwa mgonjwa, na lau angalimwendea angalimkuta Mwenyezi Mungu kwake. Sisi tumezoea kuifahamu habari hii kuwa ni kupiga hodi, kuuliza hali, na kuondoka. Lakini mgonjwa wa mapafu akizungumza na wageni kumi kwa siku huchoka kama aliyebeba gunia. Kumzuru kwa haki ni kupunguza maneno na kuzidisha kazi: kumtekea maji, kumfulia shuka, kumpelekea mtoto wake shule, kumsomea karatasi yake ya hospitali.

Basi tuanze na karatasi hiyo. Kabla mgonjwa hajatoka wodini, na aende mtu mmoja wa nyumbani, mwenye akili ya kukumbuka, aketi na muuguzi amwulize bila ya kuona haya: dawa hizi ni zipi, ipi ya kila siku na ipi ya kutumiwa kifua kinapobana tu, ipi yenye siku maalumu za kwisha, kliniki ni lini, na dalili zipi zitutoe nyumbani hata usiku wa manane? Aandike kwa Kiswahili, na akishaandika amsomee muuguzi ili amsahihishe. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na kitanda, isifichwe sandukuni pamoja na hati za shamba. Na mtu huyo mmoja ajulikane katika nyumba kwamba yeye ndiye msimamizi, kwa maana amana iliyo juu ya watu wote aghalabu haina mtu.

Pili, ni dawa ya kuvuta kwa mdomo, kile kichupa ambacho wengi hukiita inhela. Dawa hii ni nzuri, lakini watu wengi huitumia vibaya, wakapuliza ikaishia ulimini, kisha wakasema dawa haifai. Utaratibu wa ile ya kubonyeza ni huu: itikise, toa pumzi yote taratibu, tia mdomoni na ufumbe midomo, anza kuvuta pumzi polepole na hapo hapo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha zuia pumzi kwa hesabu ya kumi. Ziko nyingine za unga, ambazo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka, kwa hiyo muuguzi aulizwe ni ya namna gani. Mzee ambaye mkono wake na pumzi yake havipatani, huwekewa chombo baina ya dawa na mdomo ili dawa ikae humo kwanza. Chombo hicho kikikosekana dukani, mafundisho yapo: mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti wao juu ya watoto wenye pumu, ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kipimo cha inhela na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua. Muuguzi aombwe aonyeshe jinsi ya kuitengeneza. Na dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, ikishatumiwa mgonjwa asukutue maji ayateme, kwani huweza kuleta utando mweupe kinywani.

Kuna wanaoacha dawa ya kila siku mara tu wanapopata nafuu, wakiona kwamba kuendelea nayo ni kukosa kumtegemea Mungu. Hayo ni kuifahamu vibaya tawakuli. Bwana Mtume alituamrisha tujitibu, na akatufundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza ndipo mwenyewe akategemea. Kombe na dua ya mwalimu ni baraka, nasi hatuzikatazi, bali tunakataza viwekwe mahali pa dawa ya kliniki.

Tatu, ni hewa ya nyumba. Mgonjwa hawezi kuponeshwa kifua katika chumba kilekile kilichomwugua. Mwenye kuvuta sigara nyumbani na azime, na ikiwa mvutaji ni mgonjwa mwenyewe, jamaa wamsaidie kuacha kwa upole na subira. Tumwambie wazi kwamba hapana dawa inayolinda mapafu yaliyobaki kuliko kuacha tumbaku. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwake usiku wa kipupwe. Mwenye uwezo wa kupikia gesi au umeme apikie hivyo, na asiyekuwa nao apikie uani au afungue madirisha, mgonjwa akae upande unaotoka upepo. Na hapa tutasema jambo litakalowagusa akina mama. Udi na ubani ni katika mila zetu nzuri, na manukato ni sunna. Lakini moshi wa chetezo hubana kifua cha mgonjwa sawa na moshi mwingine, na dawa ya mbu ya kuwasha ni vivyo hivyo. Katika misingi ya sheria yetu ni kwamba madhara hayaruhusiwi, kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Basi nyumba yenye mgonjwa huyu na inukizwe kwa asumini na vilua, na udi ungoje siku nyingine, katika nyumba nyingine.

Nne, ni pumzi yenyewe na mwendo. Mgonjwa anapobanwa, hofu humwongezea kubanwa, na sisi tukimzunguka kwa makelele twamwongezea hofu. Mketisheni, ainame mbele kidogo, mikono au viwiko vikiegemea magotini au juu ya meza. Mwambieni avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji katika kikombe, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Anayemwuguza na avute pumzi pamoja naye mpaka utulivu urudi. Na hali ikiwa njema, asiachwe kitandani mchana kutwa kwa kudhani kwamba ndiyo heshima. Miguu isiyotumika hudhoofika, na miguu dhaifu hutaka pumzi nyingi zaidi. Huko Kampala, Uganda, katika Hospitali ya Mulago, wagonjwa waliobaki na mapafu yenye makovu baada ya kifua kikuu walizoezwa kwa wiki 6, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliweza kutembea mbali zaidi kuliko walivyoweza kabla yake. Kwetu nyumbani, mazoezi yaanze kwa ushauri wa daktari: leo mpaka mlangoni, wiki ijayo mpaka kwa jirani, na inshallah mwezi ujao mpaka msikitini. Chakula nacho kiwe kidogo kidogo mara nyingi, kwa kuwa tumbo likijaa huinua kiwambo na kuibana nafasi ya mapafu.

Tano, wako wanaorudishwa nyumbani na mtungi au mashine ya oksijeni. Tangu tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 1980 na 1981, madaktari wamejua kwamba mgonjwa ambaye oksijeni ya damu yake imepungua sana huongezewa umri akiitumia kwa saa 15 au zaidi kila siku. Lakini mambo mawili ni lazima. La kwanza, kipimo alichoweka daktari kisiongezwe kwa huruma ya jamaa, kwani kwa baadhi ya wagonjwa hawa oksijeni nyingi mno huwatia usingizi wa hatari na kudhoofisha pumzi zao. La pili, moto usisogee karibu yake: sigara, kibiriti, koroboi, jiko wala chetezo. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini huufanya moto mdogo ukawa mkubwa kwa kufumba na kufumbua.

Sita, ni dalili za kurudi hospitali. Makohozi yakizidi, au yakageuka rangi yakawa ya manjano nzito au ya kijani, pumzi ikizidi kuwa fupi kuliko kawaida yake, homa ikipanda, miguu ikivimba: hapo na apelekwe kwa daktari siku ile ile. Ama akishindwa kumaliza sentensi moja kwa kutweta, au midomo na kucha zikaingia ubuluu au weusi, au akawa analala ovyo na kupotewa na maneno, basi hilo si jambo la kungojea asubuhi. Nauli ya safari hiyo iwekwe kando tangu siku aliyorudi, na dereva ajulikane ni nani.

Enyi ndugu Waislamu, dini yetu imemfungulia mgonjwa milango, tusimfungie. Asiyeweza kusimama na asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali kwa ubavu. Ndivyo Bwana Mtume alivyomfundisha sahaba wake Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Ikiwa maji yanamdhuru, atayamamu. Sala ya Ijumaa si faradhi juu ya mgonjwa ambaye kuihudhuria kwamtia mashakani, na thawabu ya alilokuwa akilifanya katika uzima wake huandikiwa. Ama saumu, wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya dawa ya kuvuta mchana wa Ramadhani: wako wanaosema inafunguza, na wako wanaosema haifunguzi. Lakini hapana khitilafu kwamba mgonjwa anayedhurika kwa kufunga ana rukhsa ya kula, na kwamba asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Basi mtu asijizuilie dawa mpaka akazimia kwa kudhani kuwa anamridhisha Mola wake. Mola wetu ametutakia wepesi.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Nanyi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika khutba ya kwanza tumeisemesha nyumba. Sasa twausemesha mtaa na msikiti.

Katika kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii yumo mtu wa pili ambaye hatumwulizi hali. Ni mke, au binti, au mke wa mtoto, aghalabu mwanamke, ambaye halali usiku kwa kusikiliza pumzi za mwenziwe. Yeye ndiye huinua, huosha, hupika, hutoa dawa, na asubuhi twamkuta akitabasamu, tukamwambia asubiri. Subira ameijua kuliko sisi. Anachokihitaji ni usingizi. Wana wa kiume wagawane usiku kwa zamu, na majirani wagawane mchana. Jirani wa ukuta mmoja akichukua saa mbili kila Jumatano, ili mwuguzaji apate kulala au aende sokoni, huyo ametoa sadaka ambayo haikupunguza hata senti moja mfukoni mwake. Mwuguzaji akianguka, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili.

Na msikiti unayo sehemu yake. Sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Bwana Mtume alimpigia hema ndani ya msikiti wa Madina ili amzuru kwa karibu. Na wapokezi wamemtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Msikiti wa Bwana Mtume ulikuwa na mahali pa mgonjwa. Na waliokuja baadaye waliendeleza jambo hilo kwa njia ya wakfu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun wa Misri alijenga mjini Kairo hospitali kubwa, akaiwekea wakfu wa maduka na mali nyingi. Katika utaratibu wa hospitali hiyo walikuwamo pia wagonjwa maskini waliokuwa majumbani mwao, ambao walipelekewa dawa na vyakula huko huko walikolala. Zaidi ya miaka 700 iliyopita, Waislamu walikwisha fahamu kwamba tiba haikomi mlangoni pa hospitali.

Basi yatupasa nini leo? Hatukuombeni mjenge hospitali ya Qalawun. Twakuombeni mambo manne yaliyo katika uwezo wa kila mtaa. Kwanza, imamu na wazee wawe na daftari dogo la wagonjwa waliorudi kutoka hospitali, pamoja na siku zao za kliniki. Pili, katika mali ya msikiti litengwe fungu, hata likiwa dogo, la nauli na la dawa za kuvuta kwa asiyeweza kununua, kwa kuwa wengi huziacha kwa umaskini na haya huwazuia kusema. Tatu, vijana wa madrasa wapangiwe zamu za kuwatembelea, kuwasomea karatasi zao, na kutembea nao mpaka mwisho wa uchochoro na kurudi. Mwanafunzi aliyejifunza babu ya wudhu, na ajifunze pia namna ya kumwonyesha mzee kuvuta dawa yake. Nne, tuwajue na tuwapokee wahudumu wa afya ya jamii. Serikali ya Kenya mwaka 2023 iliwapeleka mitaani wahudumu wa namna hiyo zaidi ya 100,000 pamoja na vifaa vyao, na Tanzania nayo ilizindua mpango wake mwaka 2024. Mhudumu akipiga hodi, tusimwache barazani kama mwenye kudai deni. Akaribishwe, aonyeshwe mgonjwa, aonyeshwe na karatasi ile ya ukutani.

Na sasa tuna neno kwa mgonjwa mwenyewe. Tunajua kwamba huenda wewe huko hapa safuni. Huenda umeketi kitandani, mito mgongoni, redio pembeni, na ulikuwa ukisali katika msikiti huu kwa miaka mingi kabla hatua za kuja kwake hazijawa nyingi kuliko pumzi zako. Ndugu yetu, mama yetu, usione kwamba umekuwa mzigo. Wewe ni mlango wa thawabu uliofunguliwa katika nyumba yako, na wenye akili watauingia. Usione haya kuomba maji, wala kuomba kunyamaziwa, wala kusema kwamba leo unaogopa. Maradhi yako huenda yasiondoke, nasi hatutakudanganya kwa maneno matamu. Lakini baina ya kuishi nayo ukiwa umeangaliwa na kuishi nayo ukiwa umeachwa kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo Mwenyezi Mungu ameiweka mikononi mwetu sisi tunaokuzunguka. Tusipoitekeleza, lawama ni yetu, wala si yako.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, na uwape wasaa katika vifua vyao. Ewe Mola wetu, wape nguvu wanaowauguza, uwape usingizi wa raha na badali iliyo bora. Waongoze madaktari na wauguzi wetu, utie baraka katika mikono yao. Warehemu waliotutangulia ambao walitweta usiku na hatukuwasikia, nasi utusamehe. Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaopokea amana wakailalia. Tupe mwisho mwema, sisi na wazee wetu na Waislamu wote, walio hai na waliokufa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anawaamrisha uadilifu na ihsani na kuwapa jamaa haki zao. Mkumbukeni, naye atakukumbukeni. Na mtakapotoka hapa, kabla hamjafika majumbani mwenu, kila mmoja apite kwa mgonjwa mmoja. Simamisheni sala.